Kutafiti sheria ya Tanzania mpaka mwisho: maktaba, TanzLII, na namna ya kujua kama kifungu bado kipo

Mwenye simu na bando leo anapata hukumu ya Mahakama ya Rufani ndani ya dakika mbili kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Kinachowashinda wengi, wakiwamo wanafunzi wa mwaka wa nne na mawakili wenye mihuri mezani, ni kuthibitisha kwamba walichokipata kilikuwa sheria siku jambo lilipotokea, na bado ni sheria siku shauri linapofunguliwa. Kupata ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi.

Mbinu za utafiti zikielezwa bila swali mkononi huwa maneno matupu, kwa hiyo tutafuata swali moja la Tanzania Bara tangu mwanzo. Nimelitunga, ila mabaraza ya ardhi yamejaa mashauri yanayofanana nalo. Mwaka 2003 mzee mmoja wa Muheza alimkaribisha jirani yake alime ekari tatu, kwa mdomo tu, bila kodi. Mwaka 2009 mzee akafariki. Jirani akaendelea kulima, akapanda michungwa, na mwaka 2012 akajenga nyumba ya matofali. Sasa watoto wa marehemu, wakiwa na barua ya usimamizi wa mirathi, wanataka shamba. Jirani anajibu: nimekaa hapa zaidi ya miaka 12, hili ni langu.

Hatua ya 1: Panga tarehe, kisha vunja swali

Usifungue kompyuta bado. Chukua karatasi uandike tarehe zote kwa mfuatano: kukaribishwa, kifo, ujenzi, mtoto alipolalamika kwa mara ya kwanza, barua ya usimamizi ilipotolewa, siku mteja alipokuja kwako. Mbele ya kila tarehe andika nani alikuwa na shamba mkononi na kwa ruhusa ya nani. Katika ardhi, ndoa, kazi na mikataba, karatasi hiyo huamua nusu ya utafiti, maana muda wa ukomo (muda wa mwisho wa kufungua shauri) huhesabiwa kutoka tarehe fulani, na kubishania tarehe hiyo ndiko kubishania kesi.

Halafu vunja malalamiko yawe maswali ambayo sheria inaweza kuyajibu. Hapa yapo manne. Muda wa kudai ardhi ni miaka mingapi, na ulianza kuhesabiwa lini? Je, aliyekaribishwa anaweza kugeuka mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu? Je, kifo cha mwenye shamba kilibadili chochote? Shauri lifunguliwe wapi? Swali la nne watu hulidharau, kisha ndilo linalowaangusha kwa pingamizi la awali kabla hata shahidi mmoja hajasimama.

Andika pia mapema kama jambo ni la Bara au la Zanzibar. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, ikiwamo Sheria Na. 12 ya 1992 ya umilikaji ardhi, ina Mahakama Kuu yake, na hukumu zake zina tovuti yake, ZanzibarLII. Mahakama ya Rufani ni moja kwa pande zote mbili, isipokuwa mambo machache kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yanayoanzia mahakama za kadhi. Mtu anayechanganya pande hizi mbili hupoteza siku nzima.

Hatua ya 2: Anza maktaba, hata kama una intaneti

Sababu ni ya kiutendaji. Kisanduku cha kutafutia kinakupa ulichokiuliza tu, na wewe bado hujui uulize nini. Kitabu cha sheria ya ardhi kinakupa ramani ya mada: maneno ambayo majaji hutumia, kesi kongwe zinazotajwa kila mara, na vifungu vinavyokwenda pamoja. Saa moja na kitabu inaokoa siku mbili za kubofya.

Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyiko mpana wa sheria. Sheria ilikuwa fani ya kwanza kufundishwa pale chuo kilipofunguliwa mwaka 1961. Kwa mtu wa Tanga, Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kiko karibu zaidi. Mahakama Kuu nazo zina maktaba kwenye masjala zake za kanda, na Mahakama ya Rufani ina yake. Hizi si maktaba za kila mpita njia: nenda na kitambulisho, barua ya chuo au ya ofisi, na uulize utaratibu kabla ya kusafiri. Ukifika, mwambie mkutubi swali lako, si jina la kitabu. Wakutubi wa sheria wanajua vitu ambavyo katalogi haivijui, kwa mfano juzuu gani zina kurasa zilizochanwa na nani amewahi kufunga pamoja hukumu zisizochapishwa.

Ukishika kitabu, usisome kuanzia sura ya kwanza. Fungua mwanzoni kwenye orodha ya kesi na orodha ya sheria, kisha faharasa mwishoni. Tazama mwaka wa chapa. Kitabu cha ardhi kilichoandikwa kabla ya 1999 hakijui Sheria ya Ardhi Na. 4 wala Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka huo; bado kinafaa kwa kanuni za kale, hakifai kwa taratibu. Pitia pia majarida, hasa Eastern Africa Law Review, ambalo limekuwa likitolewa Dar es Salaam tangu miaka ya 1960. Makala ya jarida ina faida moja ambayo kitabu mara nyingi hakina: mwandishi amechimba hoja moja mpaka chini na kukuachia tanbihi. Zifuate tanbihi hizo.

Maktaba ina hazina nyingine ambayo mtandao haujaimeza yote, nayo ni juzuu za ripoti za zamani. Jifunze kuzisoma kwa vifupisho. EACA ni ripoti za iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, kuanzia 1934 hadi 1956. EA, ripoti za sheria za Afrika Mashariki, zinaanza 1957. HCD ni muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu, 1967 hadi 1972. TLR ni ripoti za Tanzania, lakini zipo pia TLR za enzi ya Tanganyika, kwa hiyo angalia mwaka kabla ya kuvuta juzuu. Ukiona [1969] EA 696, namba ya mwisho ni ukurasa. Ukiona [1972] HCD n. 140, ile 140 ni namba ya shauri ndani ya juzuu na si ukurasa. Wanafunzi wengi hufungua ukurasa wa 140 na kuondoka wakisema kesi haipo.

Hatua ya 3: Pata maneno ya sheria yanayotumika leo

Hatua hii inahitaji uvumilivu kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha mtafiti na mtafutaji.

Anza na sheria mama. Kwetu ni Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971. Jedwali lake, sehemu ya kwanza, kipengele cha 22, linatoa miaka 12 kwa shauri la kudai ardhi. Wengi huishia hapo, wanahesabu 2003 mpaka leo, na kumwambia mteja amechelewa. Endelea kusoma. Kifungu cha 9 kinaeleza haki ya kudai inazaliwa lini: fasili yake ya kwanza (yaani kifungu kidogo cha kwanza) inazungumzia ardhi ya marehemu, na inahesabu kuanzia siku ya kifo, lakini kwa sharti kwamba marehemu ndiye aliyekuwa na ardhi hiyo mkononi alipofariki. Fasili ya pili inamhusu aliyeondolewa au aliyeacha kuishika ardhi. Kifungu cha 33 kinasema haki ya kudai haizaliwi mpaka ardhi iwe mikononi mwa mtu ambaye muda unaweza kuhesabika kwa faida yake. Sasa unaona kesi ilipo: mzee alipofariki, shamba lilikuwa mkononi mwa nani machoni pa sheria? Jirani alikuwa analima, ila kwa ruhusa ya mzee. Jibu haliko kwenye jedwali.

Namba hizo za vifungu ni za toleo la marekebisho la 2019. Nalisema hilo makusudi. Sheria za Tanzania Bara zimekusanywa upya mara kadhaa: kuna toleo la 2002, baadhi ya sheria zina matoleo ya 2019 na 2022, na lipo toleo la 2023 lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Sheria inapokusanywa upya, namba za vifungu zinaweza kusogea. Mfano unaojulikana ni Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6: fasili ya 127(7) ya toleo la 2002, inayohusu ushahidi wa pekee wa mtoto au mwathirika katika makosa ya kujamiiana, ni 127(6) katika toleo la 2019, kwa sababu marekebisho ya 2016 yalifuta fasili mbili zilizotangulia na kuweka moja mahali pake. Kwa hiyo hukumu ya 2010 na hukumu ya 2021 zinaweza kutaja namba tofauti zikimaanisha maneno yale yale; na ukinakili namba kutoka hukumu ya zamani kwenda kwenye hoja zako za leo, unaweza kujikuta umemnukulia jaji kifungu kisichohusika kabisa. Andika namba pamoja na toleo lake, kila mara.

Baada ya toleo, tafuta marekebisho yaliyokuja nyuma yake. Bunge letu hurekebisha sheria nyingi kwa mkupuo, kupitia sheria za marekebisho ya sheria mbalimbali, na jina la sheria kama hiyo halikuambii imegusa nini. Lazima uifungue uone sehemu zake. Hapa ndipo penye mtego wa swali letu la nne. Ukisoma Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, toleo la 2019, utaona Baraza la Kata lina uwezo wa kusikiliza mgogoro wa ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mwaka 2021, Sheria Na. 5 ya mwaka huo iliondoa uwezo huo. Baraza la Kata limebaki kusuluhisha, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri la umiliki mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana. Wakikaa siku 30 bila kusuluhisha, mlalamikaji anaruhusiwa kuendelea. Mtu aliyepakua Sura ya 216 mwaka 2020 na kuihifadhi kwenye simu bado anawapeleka watu mahali pasipo na mamlaka.

Sheria zenyewe utazipata TanzLII, kwenye tovuti ya Bunge na kwenye tovuti ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa TanzLII, angalia juu ya ukurasa maandishi hayo ni ya tarehe gani kabla ya kunakili chochote. Sheria ndogo na kanuni ni kazi nyingine, kwani hutoka kwenye Gazeti la Serikali kama Matangazo ya Serikali. Utaratibu wa mabaraza ya wilaya, kwa mfano, umo kwenye Tangazo la Serikali Na. 174 la 2003, na kanuni yake ya 19 kuhusu maoni ya wazee wa baraza imeangusha hukumu nyingi sana mbele ya Mahakama ya Rufani. Usipopata tangazo mtandaoni, maktaba kubwa huwa na magazeti yaliyofungwa kwa mwaka, na Mpigachapa Mkuu wa Serikali huuza nakala.

Maneno ya kifungu yakiwa na utata, nenda kwenye Hansard. Tanzania ina bahati hapa: majadiliano ya Bunge ni ya Kiswahili na yako kwenye tovuti ya Bunge, kwa hiyo waweza kusoma waziri aliwaeleza nini wabunge siku muswada uliposomwa mara ya pili. Hotuba ya waziri haifungi mahakama, lakini inakuonyesha tatizo ambalo kifungu kililetwa kulitibu. Tafuta kwa tarehe ya kikao. Kutafuta kwa maneno ndani ya faili zile ni kubahatisha.

Hatua ya 4: Kesi

TanzLII inasimamiwa na Mahakama ya Tanzania na ni bure. Kila hukumu ina rejea inayojitosheleza: mwaka, kifupisho cha mahakama, namba. TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, na divisheni zake zina vifupisho vyao. Ukiona TZCA unajua mara moja kwamba kila mahakama na baraza chini yake linafungwa.

Hukumu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafuta kwa maneno ya majaji, na ndiyo maana tulianza na kitabu. Ukiandika "land dispute" utapata maelfu. Andika "adverse possession" (kuchukua ardhi ya mwingine kwa kuikalia muda mrefu) ndani ya alama za nukuu ili maneno yaje yakifuatana, kisha ongeza invitee (mwalikwa) bila nukuu. Chuja kwa mahakama, anza na Mahakama ya Rufani, kisha panga kwa mwaka. Jaribu visawe: licensee, permission, "long occupation". Tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, idadi ya maamuzi ya Kiswahili inakua, hivyo rudia utafutaji kwa "ukomo wa muda", mwalikwa, alikaribishwa. Waliorudia kwa lugha zote mbili ni wachache, na huko ndiko unakopata hukumu mpya ambayo mwenzako upande wa pili hajaiona.

Kisanduku cha TanzLII kikigoma, tumia Google kuingia ndani yake: andika site:tanzlii.org ikifuatiwa na maneno yako kwenye nukuu. Ukijua shauri, tafuta kwa namba ya rufani badala ya majina. Majina ya watu huandikwa kwa tahajia tatu ndani ya hukumu moja, lakini "Civil Appeal No. 193 of 2016" haibadiliki, ingawa Mahakama Kuu nazo zina namba zao zinazofanana, kwa hiyo chuja kwa mahakama.

Namba hiyo sikuichagua ovyo. Ni rufani ya Registered Trustees of Holy Spirit Sisters Tanzania, na ndiyo karibu kila hukumu ya sasa kuhusu kuchukua ardhi kwa kuikalia inairejea. Mahakama ya Rufani iliorodhesha masharti ambayo anayedai hivyo lazima ayathibitishe yote kwa pamoja: kwamba mwenye ardhi aliiacha, kwamba mdai aliishika kweli, waziwazi, bila ridhaa ya mwenyewe, kwa nia ya kuimiliki, kwa miaka 12 isiyokatizwa, na mengine. Maneno "bila ridhaa" ndiyo yanayomgusa jirani yetu. Ukitoka hapo nenda Rufani ya Madai Na. 101 ya 2018, iliyosikilizwa Tanga: mwalikwa hawi mmiliki kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Ukifuata nyuma mstari huo unafika Swalehe v Salim [1972] HCD n. 140, na umerudi kwenye rafu ya maktaba.

Msururu wa namna hiyo, kutoka hukumu mpya kurudi kwenye chimbuko, ufanye kila mara. Majaji hunukuu kwa ufupi, na ufupi ukinukuliwa tena na tena unapoteza sharti lililokuwamo mwanzoni.

Hatua ya 5: Soma hukumu kama mpinzani wako atakavyoisoma

Kabla ya kunukuu aya nzuri, tafuta mambo matatu. Je, ni hukumu ya jopo au uamuzi wa jaji mmoja kwenye maombi madogo? Je, aya hiyo ndiyo iliyoamua shauri, au jaji alikuwa akisema pembeni? Je, aya ni ya mahakama au ni muhtasari wa hoja za wakili aliyeshindwa? Kosa la tatu hutokea kuliko unavyodhani, kwa kuwa hukumu zetu hutumia kurasa nyingi kueleza mawakili walisema nini.

Kisha linganisha ukweli wa kesi na wako. Jirani yetu alikaribishwa na mzee, lakini nyumba aliijenga baada ya mzee kufariki. Wakili wake atasema ruhusa ilikufa na aliyeitoa, hivyo tangu 2009, au tangu 2012, alikaa bila ridhaa ya mtu. Ukisoma zile rufani mbili bila kujiuliza swali hilo, umekusanya kesi zinazomsaidia mteja wako na umeacha ile moja itakayomzamisha. Itafute wewe kwanza: ongeza maneno kama "death of the owner" na revocation (kufutwa kwa ruhusa) kwenye utafutaji, na soma hasa hukumu ambazo mwalikwa alishinda.

Kesi maarufu nazo zina hatari yake. Lyamuya Construction Company Ltd v Board of Registered Trustees of Young Women's Christian Association of Tanzania, Maombi ya Madai Na. 2 ya 2010, hutajwa kila mtu anapoomba kuongezewa muda. Watoto wa mzee wakikutwa wamechelewa, mwanafunzi atakimbilia huko. Lakini kifungu cha 14 cha Sura ya 89, toleo la 2019, kinaruhusu mahakama kuongeza muda wa rufaa na maombi, si wa shauri lenyewe. Kwa shauri, kifungu cha 44 kinampa uwezo huo Waziri, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, tena kwa kipindi kisichozidi nusu ya muda uliowekwa. Kesi sahihi kwenye swali lisilo lake haina faida.

Hatua ya 6: Thibitisha kwamba kesi iko hai

Hatuna huduma ya bure inayoweka alama nyekundu kwenye hukumu iliyotenguliwa. Kazi hiyo unaifanya kwa mkono, na kuiruka ni uzembe. Kwanza, kama ni hukumu ya Mahakama Kuu, tafuta majina ya wadaawa (pande za shauri) kwenye TZCA uone kama ilikatiwa rufaa. Pili, kwenye ukurasa wa hukumu TanzLII, fungua orodha ya nyaraka zinazoirejea, na soma za karibuni zaidi za Mahakama ya Rufani. Angalia kama imefuatwa, imetofautishwa au imekataliwa. Tatu, tafuta jina lake kwenye nukuu, maana orodha hiyo ya kompyuta haikamati kila rejea. Nne, linganisha tarehe ya hukumu na tarehe ya marekebisho ya sheria uliyoyapata hatua ya 3. Hukumu nzuri ya 2018 kuhusu mamlaka ya Baraza la Kata imepitwa na mwaka 2021, hata kama hakuna jaji aliyesema hivyo.

Ukikuta maamuzi mawili ya Mahakama ya Rufani yanayogongana, usichague linalokupendeza. Katika shauri la Arcopar (O.M.) S.A., Maombi ya Madai Na. 94 ya 2013, Mahakama ilieleza kwamba desturi ni kufuata uamuzi wa karibuni zaidi, isipokuwa pawe na sababu ya kutoufuata. Na kama uko mbele ya baraza au Mahakama Kuu, kumbuka Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania v Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa [1988] TLR 146: mahakama za chini zinafungwa na Mahakama ya Rufani hata zikidhani imekosea. Hukumu mbili zinazogongana ziweke zote mbele ya hakimu. Kuificha ile isiyokufaa ni kuvunja wajibu wako kwa mahakama, tena mwenzako ana TanzLII kama wewe.

Hatua ya 7: Vuka mpaka kwa sababu, si kwa mapambo

Mpaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mahakama moja ya juu ya rufani, ndiyo maana Mukisa Biscuit Manufacturing Co. Ltd v West End Distributors Ltd [1969] EA 696 bado inafafanua pingamizi la awali Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Maamuzi ya baada ya hapo ya majirani hushawishi tu, hayafungi. Ile rufani ya masista yenyewe iliegemea uamuzi wa Kenya, Mbira v Gachuhi [2002] 1 EA 137. Kwa Kenya tumia Kenya Law, tovuti ya baraza la taifa la kuripoti sheria. Kwa Uganda, ULII. Zote bure.

India inafaa pale sheria yetu ilipotokana na yao: mwenendo wa madai na ushahidi ndizo sehemu kuu. Indian Kanoon inatosha kwa mwanzo, mradi ulinganishe kifungu chao na chetu neno kwa neno. Kwa Uingereza, mlango ni kifungu cha 2(3) cha Sura ya 358 (Judicature and Application of Laws Act), kinachoingiza kanuni za sheria ya kimila ya Kiingereza (common law) na za usawa (equity), pamoja na sheria za jumla zilizotumika kule tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Kiingereza ziko BAILII. Huduma za kulipia kama LexisNexis na HeinOnline ni ghali kwa mtu binafsi. Uliza kama chuo chako kimelipia kabla ya kutoa kadi yako.

Akili mnemba

Itumie kutafuta visawe vya kutafutia, kufupisha hukumu ndefu ambayo utaisoma mwenyewe baadaye, au kupanga hoja. Usiitumie kupata kesi. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca, kwa kuwasilisha hukumu ambazo programu ilizibuni, na majina, namba na nukuu zake. Sheria ya Tanzania ina maandishi machache mtandaoni kuliko ya Marekani, kwa hiyo programu hizi hubahatisha zaidi zikiulizwa ya kwetu, na hubahatisha kwa lafudhi ya kujiamini kabisa. Kanuni ya ofisi iwe fupi: hukumu ambayo hujaifungua TanzLII, kwenye juzuu au kwenye nakala yenye muhuri, haimo kwenye hoja zako.

Hatua ya 8: Daftari, na kujua pa kusimama

Kwa kila utafutaji andika tarehe, mahali, maneno uliyotumia na ulichopata, hata kama ni hewa. Miezi minane baadaye, siku ya kuandika hoja za mwisho, utarudia yale yaliyozaa tu na kwa kuanzia tarehe uliyoishia. Pakua nakala ya kila hukumu na kila sheria, uipe jina lenye mwaka na namba, maana viungo vya tovuti za serikali huhama.

Simama pale utafutaji mpya unapokurudishia kesi zile zile, umeshapitia lugha zote mbili, na umeipata hoja nzito zaidi ya upande wa pili. Kabla ya hapo bado. Baada ya hapo unakwepa kuandika.

Hukumu ikitajwa mahali na haipo mtandaoni, iombe masjala ilikotolewa. Andika barua ukitaja namba ya shauri, wadaawa, jaji au hakimu na tarehe, lipia nakala, na uombe iwe yenye uthibitisho kama utaiwasilisha. Kwa uamuzi ambao haukuchapishwa kwenye ripoti yoyote, ambatisha nakala nzima kwenye hoja zako na umpe mpinzani wako yake. Piga mstari pembeni mwa aya unayoitegemea, na uache ukurasa unaofuata bila alama, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo jaji anapoanza na neno "lakini".